Aliyecheza kwa Jina Langu

Jumapili, mwezi wa saba, Tukuyu. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ile ya kuvalia soksi mbili hadi kanisani. Sikwenda kanisani.

Nina hasira. Nabonyeza kompyuta ya watu hapa intaneti kafe kwa nguvu mpaka mwenyewe ameshanigeukia mara mbili. Aangalie tu.

Niandike kwa utaratibu, maana nikianza kufoka sitaeleweka.

Mimi ni mwanachuo wa ualimu, mwaka wa pili, na tangu nifike hapa nimekuwa mfungaji wa timu yetu ya netiboli. Nafasi ya GS. Si mfungaji wa ajabu. Nafunga, nakosa, nafunga tena. Lakini nafasi ile niliitolea jasho, saa kumi na moja alfajiri, kwenye kiwanja cha udongo unaoteleza kama mlenda, wenzangu wengine wakiwa bado wamejifunika mablanketi.

Mwaka huu mashindano ya vyuo yamefanyika hapa kwetu. Kampuni moja ya soda imetoa jezi na kombe, na mkuu wa chuo akatutangazia mstarini kwamba kombe lazima libaki nyumbani. Siku hizi vyuo binafsi vinafunguliwa kila kona, akasema, tukifungwa mbele ya wageni nani atamleta mwanawe hapa? Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, mjinga mimi.

Wiki moja kabla, mwalimu wa michezo akaniita ofisini. Alikuwa na dada mmoja mrefu kutoka Mbeya mjini, mchezaji wa klabu. Mamluki. Kila chuo kinao, hilo nalijua. Mwaka jana tulifungwa na timu ambayo mlinzi wake ana watoto watatu na sidhani kama aliwahi kuingia darasa lolote la chuo kile. Ambalo sikuwahi kulifikiria ni kwamba mamluki hawezi kucheza hivi hivi. Lazima apewe jina la mwanachuo wa kweli.

Jina lililochaguliwa ni langu.

Mwalimu aliliomba kama mtu anayeazima chaki. Nikatoa kitambulisho changu. Nikamwangalia anavyobandua picha yangu kwa wembe, anabandika ya yule dada, anagonga muhuri. Mimi nikaandikishwa mtunza vifaa. Naomba niseme waziwazi hapa, kwa sababu tangu jana najidanganya kwamba nililazimishwa. Sikulazimishwa. Niliulizwa, nikasema sawa mwalimu, nikatoka.

Aliyepinga ni Mwajuma peke yake, nahodha wetu, binti wa mwenye duka la vitenge pale sokoni. Alimwambia mwalimu kwamba huu ni wizi. Akajibiwa kwamba kama hataki, arudi akauze vitenge kwa baba yake.

Na kuna jambo nililisahau kabisa. Mwezi uliopita nilimpigia mama simu, kupitia kwa jirani yake kule Ikuti, nikamwambia aje anione nikicheza. Hajawahi kuniona. Mpira wa wasichana anausikia kwangu tu.

Jana akaja. Alipanda lori la majani ya chai, akashuka na kapu la mbalaga, ndizi zetu zilizopikwa na nyama, akaenda kukaa mbele kabisa. Sikumwona. Nilikuwa nimeinama najaza ndoo ya maji ya wachezaji.

Majina yakasomwa kwa kipaza sauti. "Mfungaji, Tupokigwe Ambakisye!" Nikasikia vigelegele vya mtu mmoja, na nikavijua kabla sijageuka.

Yule dada akaingia uwanjani mbio, anapunga mkono.

Vigelegele vikakatika.

Mngemjua mama yangu, mngejua kilichofuata. Mama hawezi kuona kosa akalinyamazia. Hata karani anayepima majani ya chai kijijini kwetu humwamkia yeye kwanza, kwa kuogopa kusahihishwa mizani. Aliona watu wamekosea, akaenda kuwasahihisha. Akakatiza uwanja na kapu lake, akapiga goti kidogo mbele ya meza ya msimamizi wa mashindano, kama wanawake wanavyosalimia kwetu.

"Ndaga, baba. Mmekosea. Tupokigwe siyo huyo, ni yule pale mwenye ndoo. Nimemsaa mwenyewe."

Watu wakaangua kicheko, pia kwa 'z' yake inayotoka 's' kama ya wazee wa kwetu. Msimamizi hakucheka. Akachukua kitambulisho, akaitazama picha, akamtazama mchezaji, halafu akaniita mimi.

"Binti, huyu mama unamfahamu?"

Mwalimu wa michezo alikuwa amesimama nyuma yake, amenikazia macho. Mwajuma ameshika mpira kifuani. Nikisema ndiyo, timu inafutwa, na sijui kama kesho ningekuwa bado mwanachuo. Nikisema hapana, basi.

Nilitazama maji kwenye ndoo.

Mama alinitazama. Niliona kwa pembe ya jicho jinsi uso wake ulivyobadilika alipoelewa. Yeye ni mzee wa kanisa. Maisha yangu yote sijamsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumfariji mgonjwa. Akamgeukia msimamizi.

"Basi, baba. Ni macho ya usee tu. Mwanangu hayupo hapa."

Akanyanyua kapu lake, akaondoka. Hakugeuka.

Tulishinda. Yule dada alifunga kama anayetia mahindi kwenye gunia, na ukweli usemwe, ananizidi mbali. Mkuu wa chuo alicheza dansi akiwa na suti yake. Baadaye wakasoma majina ya waliochaguliwa timu ya mkoa, langu likatangulia, na nikasimama pale na ndoo yangu nikilisikiliza.

Dada alinifuata nyuma ya jiko kunirudishia kitambulisho. Akaniambia aliahidiwa kazi ya upishi hapa chuoni, na sasa mwalimu amembadilikia: asubiri kwanza mashindano ya mkoa yapite. "Mdogo wangu, mimi naitwa Sekela," akasema. "Tangu nimefika hapa hakuna aliyeniuliza." Nilitaka kumchukia, nikashindwa.

Ila hasira yangu haikupungua, ilipata mwenyewe. Mwalimu alinikuta mlangoni mwa bwalo, akanigonga bega, anacheka.

"Mama yako ana akili sana. Mpe salamu zangu."

Ana akili! Mwanamke amejikana mbele ya umati, ameharibu neno lake alilolitunza miaka yote, ili mtoto wake asifukuzwe, na wewe mwalimu unaona ni mbinu ya mchezo? Unamtumia salamu? Na kombe litawekwa kwenye kabati la kioo ofisini kwa mkuu, wageni waonyeshwe. Na sisi mwakani tutasimama mbele ya watoto wa watu kuwakataza kuibia mtihani. Kwa mdomo upi?

Nimeandika hapo juu "wewe mwalimu" kwa ujasiri mkubwa. Jana mbele yako nilisema "asante, mwalimu." Nilisema asante. Hilo nalo liandikwe.

Nimekaa hapa saa nzima nikipima. Nikisema kweli, Mwajuma na wenzangu wananyang'anywa kombe walilolitolea jasho. Nilimwambia hivyo asubuhi hii. Akaniambia yeye kombe lile hata hajaligusa, na akarudi kupanga vitenge vya baba yake.

Naogopa kufukuzwa. Naogopa sana. Lakini kila nikifumba macho sioni barua ya kufukuzwa, naona mgongo wa mama na lile kapu ambalo halikufunguliwa.

Manyunyu yamepungua. Nikitoka sasa nitafika Ikuti kabla giza halijaingia. Sijui kama atanifungulia mlango. Akinifungulia, nitapiga magoti yote mawili, nitamwomba msamaha, na nitamwomba tena kitu kigumu zaidi: apande nami lori kesho asubuhi, turudi Tukuyu kabla majina ya mkoa hayajapelekwa, tusimame wote wawili mbele ya yule msimamizi.

Aniulize tena kama mama huyu namfahamu.