Radhi Kabla ya Kaaba

Mji wa Kale, Mombasa
12 Mei 2025

Mdogo wangu Tsuma,

Asalamu alaikum. U hali gani, na wanao hawajambo? Sisi wazima, alhamdulillahi.

Nimepata nafasi ya Hija, naondoka tarehe ishirini. Sitaki kuingia Msikiti Mtukufu wa Makka na kinyongo cha mtu. Kama kuna lolote nililokukosea, naomba radhi.

Kaka yako,
Sabir

Makadara
14 Mei

Kaka Sabir,

Waalaikumu salam. Hatujambo.

Umeandika "kama". Miaka saba iliyopita, kazini kwetu gati ya Mbaraki, nilikunyooshea mkono usishushe mzigo. Wewe kwenye winchi ulikuwa ukizungumza kwenye simu. Ukashusha, mwenzetu Mutunga akapoteza mguu. Ukawaambia wakubwa kwamba mimi ndiye niliyekupa ishara. Nikafukuzwa, na Mutunga hajaitikia salamu yangu tangu siku ile.

Nenda salama. Radhi huna.

Mdogo wako,
Tsuma

Makka
29 Mei

Ndugu yangu Tsuma,

Asalamu alaikum. Waonaje hali? Mimi nimefika, nakuandikia kwa simu; ila joto ni kali na miguu imevimba.

Leo nimeiona Kaaba. Nyumba tuliyoielekea tangu utotoni, ambayo Nabii Ibrahim na mwanawe Ismail waliziinua kuta zake; watu wakaja kuijaza masanamu, hata Mtume (s.a.w.) akayatoa yote. Nimeizunguka mara saba nikilia, na kifua bado kizito. Nikamuuliza shekhe wa msafara wetu, "Mtu aliyemsingizia nduguye, Hija humfutia?" Akanambia, "Haki ya Mungu, Mungu husamehe. Haki ya mja iko kwa mja mwenyewe."

Basi sisemi "kama". Sikutazama. Mkono wako niliuona mzigo ushakwenda. Niliogopa jela, nikakusingizia.

Nisamehe.

Kaka yako,
Sabir

Makadara
30 Mei

Kaka,

Waalaikumu salam. Pole kwa miguu.

Hayo mimi nayajua. Asiyeyajua ni Mutunga. Mwambie kwa sauti yako, kabla hujasimama Arafa.

Tsuma

Makadara
9 Juni

Kaka Sabir,

Asalamu alaikum. Hujambo? Siku ya kumi hii hujanijibu. Shemeji, aliyenipa namba ya mwenzako wa chumba, hana habari zako tangu Arafa, na redioni wanasema joto limewaangusha mahujaji.

Jana Mutunga alikuja kibandani kwangu na magongo yake. Akaweka simu mezani, akafungua sauti uliyomtumia, nikakusikia: "Ni mimi, Mutunga. Tsuma alinikataza." Akaisikiliza tena peke yake, kisha akasema, "Tsuma, habari za miaka yote hii?" Nikamtilia chai.

Kama yeye atakusamehe, hakusema. Mimi nimekusamehe. Nijibu, hata neno moja.

Mdogo wako,
Tsuma

Makka
11 Juni

Mdogo wangu,

Waalaikumu salam. Niko hospitali, nilianguka siku ya Arafa baada ya magharibi. Simu ilipotea, mwenzangu wa chumba ndiye aliyeniletea maneno yako. Sasa naweza kukaa.

Nikirudi sitaki watu wa kunipokea kwa dufu. Nitakwenda kwa Mutunga kwanza, kisha kwa wakubwa wa kazi, niwaambie walimfukuza asiye na kosa. Naogopa, Tsuma.

Utanisindikiza?

Kaka yako,
Sabir