Matete ya Bwawa la Mwisho

Nachingwea,
12 Julai 2003

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko Kilimarondo na nyani hawajakushinda shambani. Barua hii akusomee jirani yetu Mwanawetu, si kaka Amiri, kwa kuwa ina mambo ya unyago. Sisi hapa kwa mama mkubwa Hajra hatujambo. Mdogo wangu Shakila ametoka unyagoni juzi, amenenepa, ila amenuna.

Tangu nimalize kidato cha nne nafanya kibarua kwa Bwana Bonifasi, mtunza mabwawa ya majitaka ya mji. Nafagia, namshikia chupa anapopima maji. Mabwawa ni matatu. Uchafu hutuama katika la kwanza, maji hukaa juani katika la pili, na katika la mwisho kuna matete ambayo mizizi yake hushika uchafu uliobaki. Kisha maji huingia kijitoni.

Mwezi uliopita tulikuta matete yote yamekatwa. Haukupita muda maji ya kijitoni yakawa ya kijani na kunuka. Masoudi, mtoto wa jirani, aliharisha hadi akalazwa. Bwana Bonifasi alipita nyumba kwa nyumba kukataza watu wasiyaguse maji yale.

Mimi nilijua matete yalikokwenda. Mama mkubwa ndiye nyakanga, mkuu wa unyago huu, na matete hayo ndiyo aliyojengea ua wa kuwafichia wali, yaani Shakila na wenzake, kwa sababu ni marefu kuliko ya porini. Nilimweleza kazi ya yale matete. Alicheka sana, akasema kama matete yanaosha maji, basi ufagio wake na upike ugali. Nilipomwomba wali wasiogeshwe kijitoni siku ya kutoka, aliniuliza tangu lini mtoto wa juzi anamfundisha nyakanga.

Siku ilipofika tuliwateremsha kwa vigelegele. Kijitoni tukamkuta Bwana Bonifasi na balozi wa nyumba kumi wamesimama. Vigelegele vilikatika. Wanaume hawatakiwi pale, kwa hiyo tulirudi, wali wakaogeshwa kwenye pampu. Ndiyo maana Shakila amenuna: anasema kaogeshwa kama sufuria.

Mama mkubwa anataka kumjua aliyewaambia wanaume siku na mahali. Anamshuku Mwanne, binti aliyekuwa akipeleka chakula unyagoni. Amemkataza kukanyaga hapa, na wenzake wanamwita redio. Mwanne analia tu.

Mama, si Mwanne. Ni mimi. Nilimwambia Bwana Bonifasi huku nimeinama nikifagia, nisimtazame usoni.

Kesho, baada ya chai, nitamleta Mwanne na kumwambia mama mkubwa mbele yake. Nadhani hatanitaka tena nyumbani kwake. Ukiniona nakuja na begi, usishtuke. Nitandikie mkeka tu. Nyani naweza kuwafukuza.

Nisalimie wote, na Amiri umwambie tu kwamba nawasalimu.

Ni mimi mwanao,
Kulthumu