Koti Uliloliacha Bila Mgongo

Kamwene, Mama.

Huku Yakobi baridi ya Juni imeshaingia. Alfajiri majani ya viazi yanakuwa meupe kwa sakitu, na Baba mkwe hatoki ndani mpaka jua lipande vizuri. Anakula. Kiti chako cha dirishani hakutaka mtu akikalie, hata Erasto mwanao, lakini juzi nilimkuta amekikalia mwenyewe, anasoma gazeti na kuligombeza kama zamani. Nikajua ameanza kupona.

Wateja wakija dukani Makambako wakauliza yule mama Mzungu aliyechora makoti haya alikuwa nani, ninayewajibu ni mimi, maana Erasto akianza tu anaishia kutoka nje. Nikikosea mahali, unisamehe.

Nawaambia mama mkwe wangu aliitwa Lise, alizaliwa kwenye mji mdogo wa bandari huko Denmaki, binti wa fundi viatu. Alijifunza kukata nguo Kopenhagen, na kabla hajamaliza masomo gazeti moja likamchukua awe anachora mavazi kwenye maonyesho. Wapiga picha walipiga nguo ilivyosimama. Yeye alichora inavyotembea. Baadaye kiwanda cha makoti ya mvua kikamwita. Lile koti lako la rangi ya haradali, lenye mikono mipana, wanawake walilivaa kwenye baiskeli mji mzima. Ulinisimulia kwamba siku za mvua ulikuwa unasimama njia panda unaiangalia kazi yako ikipita mbele yako, na hakuna aliyejua kuwa ni wewe. Ulipenda hivyo. Mwishowe ukawa na duka lenye jina lako kwenye kioo.

Kisha akatokea kijana wa Kibena, mwanafunzi wa mifugo, anatetemeka ndani ya koti la kuazima. Ukamwambia koti hilo linamwonea. Baba anasema hiyo ndiyo ilikuwa posa, na kwamba aliyeposwa ni yeye.

Nikifika pale ulipofunga duka ukamfuata Njombe, wateja hutikisa kichwa kwa huruma. Rafiki zako wa Kopenhagen nao walisema unajizika. Hapo ndipo napandisha sauti, Mama, kwa sababu hukujizika. Miaka ile ya kwanza hukushona, ulichora: mabango ya kliniki, vitabu vya watoto vya kusomea. Yule mama mwenye jembe, wa kitabu cha darasa la pili, mara ya kwanza ulimchora ameinama vibaya. Ukawaonyesha majirani wa Yakobi, wakacheka mpaka wakakaa chini, na mmoja akakuambia kwamba huyo halimi, anatafuta sindano. Hukukasirika. Asubuhi yake ulikwenda nao shambani, ukalima hadi malengelenge yakakutoka, ndipo ukamchora upya. Mimi nilijifunza kusoma kwenye kitabu hicho, shuleni Mlangali, mtoto mdogo nisiyejua kama mchoraji wake atakuja kuwa mama yangu.

Nilipoolewa na Erasto nilijua kushona sketi za shule, basi. Wewe ndiye uliyesema Makambako, mji wa upepo, mji ambako mabasi ya Mbeya na Songea yanashusha watu wakiwa wamejikunyata, unahitaji fundi wa makoti. Tukapangisha chumba karibu na stendi. Ulinifundisha kuweka bitana isivute, kukata kola ikae yenyewe. Na mgongo. Wateja wote walijitazama mbele kwenye kioo, na wewe ukawageuza. "Mtu anasalimiwa kwa mbele, Upendo," uliniambia, "lakini anaagwa kwa mgongo. Hapo ndipo fundi anapoonekana."

Sasa nikueleze habari ya lile koti.

Unajua nasema lipi. Koti la mama mwenye mtoto mgongoni. Uliwaona kila siku pale stendi, wamembeba mtoto kwa kitenge, wakajifunika blanketi juu, na blanketi linaanguka kila wanapoinua beseni kuelekea dirisha la basi. Ulichora mbele, ukachora mikono na mifuko. Mgongo ukakushinda. Ulipoweka vifungo nyuma, mama alihitaji mtu wa kumfunga. Ulipoongeza kitambaa ili mtoto aenee, mama asiye na mtoto akaonekana ana nundu, na mteja wetu mmoja akalivua akasema yeye si ng'ombe. Ukacheka, ukafuta, ukachora tena. Halafu ukaanza kuumwa. Masika yalipoanza tulikuzika.

Baada ya msiba alikuja Mette, mtoto wa dada yako. Ni mtu mwema, Mama. Alilia kaburini bila kujificha, akala ugali wetu kwa mkono. Siku ya tatu ya kukaa kwake akatuambia alichojia. Kiwanda kile cha makoti kilitaka kutundika michoro yako ya ujanani watu waje kuitazama, na kilitaka pia koti lako la mwisho. Mafundi wa kule wangelimalizia na kuliuza kwa jina lako. Erasto alikubali palepale. Baba zake wadogo nao wakakubali, wakasema ni heshima kwa ukoo. Baba akanitazama mimi.

Nikasema, "Michoro ya Kopenhagen ichukueni, ni ya kwao. Koti ni la huku. Litamaliziwa huku."

Mette akauliza nani atalimalizia. Nikamjibu kwamba ni mimi. Erasto akatazama viatu vyake. Sikuwa na hata wazo moja kichwani, lakini nilikuwa na mikono uliyoifundisha wewe, nikaona inatosha kwa kuanzia. Mette akasema ataondoka Jumatatu. Kama litakuwa halijakamilika, angeomba kuondoka nalo. Nikaona ni haki.

Kitambaa cha kwanza nilikiharibu chote. Cha pili nikakikunja nikakiweka, nikafunga duka, nikaenda kukaa stendi kwa Tulizo, yule muuza viazi vya kuchemsha mwenye mtoto mnene. Sikumpima. Nilimtazama tu kama ulivyokuwa unatazama. Mtoto akalia. Tulizo hakumshusha nyuma. Alilegeza kitenge, akamzungusha ubavuni, akampitisha chini ya kwapa, mtoto akafika kwenye ziwa, na mkono mwingine bado unarudisha chenji. Aliposhiba, akarudi mgongoni kwa njia ileile.

Ubavuni, Mama. Sisi sote tulikuwa tunahangaika na mgongo, na mlango uko ubavuni.

Nikarudi nikakata. Vifungo nikavishusha chini ya kwapa la kushoto hadi kiunoni, mama avifunge mwenyewe. Mgongoni nikaweka rinda moja pana: mtoto akiwepo linafunguka, asipokuwepo linalala kama halipo. Mgongo wako ukabaki msafi, hauna hata kifungo.

Jumapili baada ya ibada nilimpeleka Mette Makambako. Tulizo akalivaa palepale kati ya mabeseni, akafunga vifungo bila kuangalia. Mtoto alikuwa ndani, kichwa tu kimechungulia kwenye kola, amelala. Basi la Songea likaingia. Tulizo akasahau kwamba tunamtazama, akainua beseni akalikimbilia, na sisi tukabaki na mgongo wake unakwenda, rinda linafunguka na kujifunga kwa kila hatua.

Mette akasema neno moja la Kidenishi, lile ulilokuwa ukilisema nguo ikikaa sawa, ambalo hukuwahi kunitafsiria. Sikumwomba anitafsirie. Tulizo alikataa kulivua, akaondoka nalo. Na Jumatatu Mette akaondoka na michoro ya Kopenhagen tu, amenikumbatia kwa nguvu mno.

Sasa tunalishona kila wiki. Nimeajiri mafundi wawili. Wanawake wa Iwawa, kule Makete, wameagiza ya kwao, na kwa baridi ya huko nimewaongezea bitana nzito. Ndani ya kola nimeshona majina mawili, Lise na Upendo. Erasto aliuliza kama ungekubali. Nikamwambia ungeuliza kwa nini nimechelewa kuweka la kwangu.

Jioni zingine nakukosa sana. Nageuka kukuonyesha mshono, na hakuna mtu. Basi nauangalia mwenyewe, kwa ukali, na kama haufai naufumua.

Nakuahidi, Mama, sitabaki kushona ulichoniachia tu. Nimeanza kuchora. Vidole vya watu ninaowachora vinafanana na karoti, lakini mabega yanakaa vizuri. Koti linalofuata ni la wazee wanaoota moto asubuhi, na nitakayempima wa kwanza ni Baba, akitaka asitake.

Pumzika sasa. Mimi nina kitambaa mezani.

Mkweo,
Upendo