Shampuu ya Mama Yako

Duluth, Februari

Mwanangu Corinne,

Theluji imefika dirishani, na ndani tulikuwa na yetu: mbwa wetu Gus alishikwa na mba, kila akijikuna zulia linakuwa jeupe. Daktari wa mifugo akauliza namwogesha na nini. Nikamwambia shampuu ya mama yako, ile ya tufaha, kama alivyomzoesha mwenyewe. Akasema ya watu inamkausha mbwa ngozi. Eti nitumie ya mbwa, ya nafaka ya oti, isiyo na manukato. Sasa anapona.

Ila unajua kule nyumba ya wazee mama yako hanitambui tena. Gus ndiye aliyekuwa akimchangamsha. Mama yako alikuwa akimnusa kichwani na kucheka, kama enzi zile mlipokuwa mkimwogesha uani, mkalowa nyote. Jumapili iliyopita alimnusa, akamsukuma. "Huyu si wangu."

Basi leo ile ya tufaha nimejipaka mimi, na kipara changu hiki. Nilipoinama kumfunga mama yako viatu, akaninusa.

"We Orville, nani kakuruhusu kugusa shampuu yangu?"

Nikamwomba radhi. Kesho naenda kununua chupa nyingine.

Baba yako,
Orville