Mstari Usiotakiwa

Mjukuu wangu Kemunto,

Huku Nyansiongo hatujambo. Ng'ombe amezaa, na babu yako anakusalimu. Unauliza kama niliwahi kutaka kuacha masomo yangu ya shahada ya uzamifu. Nilitaka.

Miaka ya sabini, pale Nairobi, nilichunguza umbo la ayoni moja, kikundi cha atomi chenye chaji ya umeme, kwa mashine ya mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Profesa wangu aliamini ayoni ile imenyooka, lakini grafu yangu ilikuwa na mstari ambao hutokea ikiwa imepinda. "Ni uchafu," akasema. Nikatengeneza sampuli upya, mstari ukabaki. Niliogopa kumwambia, nikakosa usingizi, nikaenda nyumbani kwetu Kebirigo kumwambia mama kwamba naacha.

"Mwalimu wako anajua mstari umebaki?" mama akauliza.

"Hapana."

"Sasa mimi unaniambia ya nini? Mashine hiyo siijui."

Nikarudi Nairobi, nikamwambia profesa kwamba mstari umebaki. Hakubisha. Alitengeneza sampuli kwa mikono yake, akakaa nami mashine ikichora. Mstari ukatokea palepale.

"Imepinda," akasema. "Nilikosea. Andika hivyo."

Mama alipopata habari aliuliza jambo moja tu, kama sasa ninalala.

Nawe, Kemunto, unalala?

Nyanya yako,
Moraa