Makofi Uliyowapigia Wageni

Tata,

Nimetoka kaburini kwako sasa hivi, vumbi bado liko magotini. Mama hali chakula. Bombani, wanawake wa mtaa wetu wa Dilala wakimwona, mmoja anamsindikiza kwa maneno: "Ule ni bibi ya mutu mwenye aliuzisha Kongo." Sasa anataka kurudi kwao Kasaji, akuache hapa bila hata mtu wa kukupalilia kaburi.

Uliuza Kongo! Wewe, kapita, msimamizi tu wa vibarua mgodini, uliyeshindwa kuuza hata baiskeli yako mbovu!

Nakumbuka siku ile ya mkutano. Ulinyoosha koti lako jeusi kwa pasi ya makaa, ukanikataza kucheka. Wazungu walikuja kutueleza habari za mkataba wa biashara: nchi za Ulaya zinafanya soko moja, na Ubelgiji itaingia pamoja na Kongo yake, shaba na vyote. Hakuna aliyetuuliza. Walipomaliza, ukapiga goti, ukapiga makofi taratibu, jinsi sisi Walunda tunavyomsalimu mgeni. Ulinifundisha tangu utotoni: "Mugeni umupigie makofi kwanza, mutoto. Mambo yake utakatala kisha." Na kweli ulisimama ili ukatae. Mkalimani akasema muda umekwisha.

Gazeti lao likatoa picha yako umepiga goti: eti weusi wa Kolwezi wanaushangilia mkataba! Basi ikawa wewe umekubali kwa niaba yetu sote. Ulizunguka nyumba kwa nyumba ukieleza, Tata, hadi sauti ikakauka, hadi moyo ukakuangusha.

Kwenye matanga watu walikuja, ndiyo. Walikula bukari, ugali wetu. Lakini hakuna aliyekupigia makofi, hata mmoja. Mlunda kuzikwa bila makofi ya kumuaga!

Sijui tufanye nini. Mkataba umetiwa sahihi, treni za shaba zinapita, na mimi nani atanisikiliza? Nimechoka, Tata. Leo nilipiga goti pale kaburini, nikakupigia makofi taratibu, mpaka viganja vikaniwaka moto. Mama alisimama mbali, akitazama huku na huku. Halafu naye akapiga goti.

Pumzika. Nakuahidi nitakuja kila Jumapili, watu wakitoka misa, nikupigie makofi mbele ya macho yao wote. Na atakayeniuliza nimekubali nini, nitamwambia sijakubali kitu. Nimemsalimu baba yangu.

Binti yako,
Monika