Filamu ya Saba ya Yule Bondia

Mume wangu mdogo,

Huna haya wewe! Hukanyagi hapa, utadhani tulikufukuza kwa mawe. Dada yako ananiandikia, maana mimi kalamu naijua kwa kuiona tu.

Juzi alituwekea ile filamu ya bondia, sehemu ya saba, mliyokuwa mkiisubiri wewe na babu yako. Mbaya! Daktari anamwambia mzee wa watu ngumi moja tu itamuua. Yeye anapanda ulingoni, anatwangwa kama yuko kinuni, halafu anashinda na kumkumbatia mkewe. Babu yako, bondia wa kweli, alitazama mpaka mwisho, akanigeukia kwa adabu: "Mama, mumeo hajambo?"

Nikamwambia hajambo.

Ndivyo ngumi zilivyomwacha. Nawe nasikia daktari amekukataza, na bado umekubali pambano jingine. Mjukuu wangu, kwenye filamu mtu huangushwa sehemu ya sita akaamka mzima sehemu ya saba. Babu yako hakuamka.

Ukija usilete zawadi. Njoo asubuhi, umvalishe babu yako shati, umfunge vifungo kimoja kimoja, na akikuuliza wewe ni nani, umjibu. Ukimaliza, ndipo tuzungumze hilo pambano.

Mkeo mkubwa,
Bibi